Mwalimu Odeta na Buibui wa Buswelu

Baba Paroko, viongozi wa mtaa na wa chama cha kuzikana, walimu wenzake na marehemu, ndugu, jamaa na majirani, sisi familia tumekubaliana kwamba maisha ya dada yetu yasomwe yote, pamoja na yale ambayo watu wa Buswelu wameyasema kwa miaka mingi vichochoroni na kwenye foleni ya maji, kwa sababu tukiyaruka leo mtayasema wenyewe mkiwa njiani kwenda makaburini, na mtayasema vibaya. Mimi ninayesoma ni Revocatus, mdogo wake anayemfuata, na nimeombwa nisome taratibu, jambo ambalo marehemu mwenyewe asingelivumilia, angeshanipokonya karatasi.

Marehemu Odeta Nestory alizaliwa tarehe 3 Juni 1963 huko Nansio, kisiwani Ukerewe, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa mzee Nestory, mkulima wa mihogo na machungwa, na mama Paskazia, ambao wote wawili wametangulia mbele za haki. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakubebeka, ukimfunga mgongoni anateremka, ukimweka kwenye mkeka unageuka humkuti, na alipopata akili ya kutumwa dukani akawa kiguu na njia kabisa, unamtuma chumvi asubuhi, chumvi inafika kweli, lakini inafika mboga imeshaliwa. Alichapwa sana kwa ajili hiyo, haikusaidia kitu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1971 hapo hapo Nansio na kumaliza la saba mwaka 1977, akachaguliwa kujiunga na sekondari ya bweni mjini Mwanza kuanzia 1978 hadi 1981, akaendelea na kidato cha tano na cha sita Bukoba hadi mwaka 1984, akapita Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akasomea stashahada ya ualimu wa biolojia na kemia, akahitimu mwaka 1987. Kote huko alifaulu vizuri, na kote huko aliitwa mbele kwa kosa lile lile la kuvuka mipaka ya shule, si kwa ajili ya wavulana, kama matroni mmoja alivyokazania, bali kwa sababu kilima kilikuwa na upande wa pili na yeye alikuwa hajauona.

Aliajiriwa tarehe 1 Septemba 1987, akapangiwa Shinyanga, miaka miwili haijaisha akaomba uhamisho kwenda Geita, na mwaka 1991 akaomba tena, akaletwa kwenye sekondari moja ya wilaya ya Misungwi, ambako mkuu wa shule alimpokea kwa kumwambia, mwalimu, wewe usifungue mizigo yote, fungua nusu. Wanafunzi wake mlioko hapa mnakumbuka alivyofundisha akizunguka darasa mpaka shingo zenu zinauma, na kwenye ofisi ya walimu hakuwa na kiti chake, cha nini, wakati hakai.

Hapo Misungwi ndipo alipotulia kwa mara ya kwanza, na aliyemtuliza, tusidanganyane, hakuwa mume. Mwezi Aprili 1992 shule ililetewa mafundi wa kuchimba kisima, na mmoja wao, kijana Ngosha Malimi, mzaliwa wa Misungwi, alipokuwa akisawazisha ukingo kwa jembe alivuta kutoka ardhini kitu kama soksi ya mtoto, laini, kimefumwa kwa utando, nje kimegandamana na udongo, na ndani yake kuna kitu kinatembea. Wenzake walimwambia akimwagie mafuta ya taa, yeye akakitia kwenye hotpoti yake ya chakula, akaenda kugonga ofisi ya walimu, akamwamkia mwalimu Odeta shikamoo ingawa walilingana umri, akafungua kifuniko.

Kwa wasiojua, huyo ni buibui wa ukoo wa karibu na yale mabuibui makubwa yenye manyoya ambayo mkiyaona mnaita watu, ila huyu ni mfupi, mnene, hana haja ya kuonekana, anachimba shimo lake, analifuma kwa utando kama mfuko kutoka chini hadi juu, mlango anaufunika kwa utando na vumbi na vijani, hata ukiukanyaga hujui, naye anakaa humo akisubiri mdudu apite, amchome kwa meno marefu yanayoelekea chini. Jike akishachimba kwake hana safari tena, anaishi shimo lile lile miaka na miaka, ni dume tu anayetoka, mvua zinaponyesha, kumtafuta jike, na safari hiyo ndiyo ya mwisho kwake. Dada yetu alikuwa akiyaeleza hayo kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani, na siku hiyo ya kwanza alikaa sakafuni mbele ya hotpoti, kipindi cha kidato cha tatu kikapita, cha kidato cha nne kikapita, mkuu wa shule akaja kutazama kama mwalimu ameugua.

Ngosha aliona alichokiona, akarudi kesho yake bila buibui na keshokutwa bila sababu, na ndoa yao ilifungwa Jumamosi, tarehe 12 Novemba 1994, kule Nansio. Ndugu wa upande wa mume walimwonya mapema kwamba mwanamke huyu hatakaa, akawajibu kuwa yeye mwenyewe ni mchimba visima, analala kila wiki kijiji kingine, basi watakuwa wanakutana nyumbani. Tarehe 20 Februari 1996 Mungu aliwajalia mtoto wao wa pekee, Sabina, huyu mnayemwona hapa mbele, na tunaomba akina mama mliomzunguka mwacheni apumue.

Mwaka 2002 walitafuta kiwanja hapa Buswelu, wakati huo ni vichaka na mawe, wakaonyeshwa viwili vinavyopakana, kimoja tambarare, safi, na kingine hiki cha mteremko. Ngosha alitaka kile tambarare kama mtu yeyote mwenye akili zake, lakini Odeta alizunguka huku juu kidogo, akapiga magoti kwenye majani, akainuka anapangusa mikono, akasema hapa kuna upepo mzuri. Walipokwisha kujenga na kuhamia ndipo Ngosha alipoambiwa ukweli, kwamba nyuma ya jiko, chini ya yale majani, kuna mashimo ya buibui zaidi ya kumi, na kwamba hapo pasiguswe. Alicheka mpaka akakaa chini. Kile kiwanja tambarare alikinunua mzee Yeremia, seremala, yeye na mkewe Kashindye, wakawa majirani wa kutenganishwa na ua wa minyaa tu.

Habari ya mashimo ilikuwa siri ya mke na mume, kwa kuwa Odeta aliwajua watu, alijua watoto watachokonoa kwa vijiti na wakubwa watakuja na maji ya moto, kwa hiyo hakuweka alama wala hakumwambia mtu. Kila jioni akitoka shule alikwenda kukaa pale, kimya, mikono mapajani, mtu asiyetulia popote duniani, pale alitulia, na kwa kweli pale tu. Ngosha akiwa safarini alipiga simu kuuliza kwanza habari za Sabina, halafu za akina mama wa nyuma ya jiko. Majirani nao mlimwona mwanamke anakodolea majani, mkasema yenu, wengine anasali, wengine amefukia kitu, na Kashindye alipomuuliza wazi wazi alijibiwa kwamba anapunga upepo.

Tarehe 14 Machi 2013 Ngosha alianguka kazini kwa shinikizo la damu na kufariki kabla ya kufikishwa hospitali. Kama ilivyo desturi yetu, mwili haujatoka mochwari majirani walikuwa wameshajaa, wanaume na mapanga na majembe wakiongozwa na mzee Yeremia, ambaye alikuwa mwenyekiti wa chama cha kuzikana na mpaka leo ndiye, wakitengeneza mahali pa turubai na pa kupikia, na mjane akawekwa chumbani, kwenye godoro chini, katikati ya akina mama. Akiwa humo akasikia majembe. Akauliza wanalima wapi, akaambiwa tulia mama Sabina, wanasafisha tu nyuma ya jiko, majani yamezidi. Aliinuka, wakamshika, akapiga kelele kwamba waacheni, wasilime, jamani wasilime pale, nao wakazidi kumshika wakijua ni uchungu wa mume, Kashindye akimkumbatia kwa nguvu kuliko wote, akimwambia lia mwenzangu, lia, maana nani angejua, mtu mwingine pekee aliyejua kilichokuwa chini ya majani yale alikuwa mochwari.

Basi pakalimwa, pakasawazishwa, mafiga yakapangwa pale pale, watu wote wale wakapikiwa, na maji ya moto ya kuoshea masufuria yakamwagwa hapo mpaka msiba ulipoanuliwa. Ilikuwa kazi ya upendo, hakuna aliyetaka kumuumiza mtu, na katika maelezo ya maisha ya Ngosha yaliyosomwa hapa hapa, familia iliwashukuru majirani kwa kusafisha mazingira, mjane akiwa amekaa mstari wa mbele, akaitikia kwa kichwa. Wageni walipoondoka akaenda kupekua ule udongo kwa vidole, akakuta vipande vya utando, basi.

Hakumwambia mtu, akaacha kwenda kwenye misiba, na hapo ndipo dada yetu alipokosea, tunalisema mbele ya jeneza lake kwa sababu alipokuwa hai tulimwambia, akatufokea. Alijitoa kwenye chama, majirani wakifiwa yeye anafunga mlango, mwanzoni mkamwonea huruma mkisema ni ujane, baadaye mkasema anaringa, na mwaka 2018 alipostaafu kwa hiari ndipo nyumba ikamshinda kabisa. Akawa anaondoka na begi moja, mara Sengerema, mara Bunda, mara Ukerewe, mara Misungwi kwa wakwe, analala nyumba za wageni, anapiga magoti kwenye vilima vya watu akitafuta mlango mmoja wa utando, Sabina akipiga simu kutoka Dodoma anaambiwa nitarudi kesho, na kesho yenyewe inatokea wilaya nyingine.

Tarehe 6 Oktoba 2021 Kashindye alifariki. Huyu ndiye aliyemkumbatia siku ile, ndiye aliyemletea uji kila asubuhi wakati wa eda ya moyo wake, na msiba ulikuwa hapo, ng'ambo ya minyaa. Odeta alikuwepo nyumbani. Asubuhi ya maziko alitoka na begi begani na kofia kichwani, akapita mbele ya turubai, mbele ya watu waliokuwa wakilia, akaenda zake stendi. Buswelu yote ilimwona, na mzee Yeremia alimwona, na kuanzia siku hiyo likawa linasemwa bila kificho kwamba sawa, siku yake itafika, tutaona atabebwa na nani.

Mwezi Februari 2024 alianza kuumwa tumbo, akalipuuza kwa kulitembeza, na mwezi Septemba mwaka huo hospitali ya rufaa ikagundua saratani ya ini ambayo ilikuwa imekwenda mbali. Sabina aliacha kazi yake Dodoma, akamleta mama yake hapa nyumbani mwezi Mei 2025. Mgonjwa hakuogopa kufa, hilo tuliliona, alichoogopa ni msiba wake, aliamka anahangaika nao na kulala anahangaika nao, akimwomba binti yake ampeleke Nansio akafie huko, kwa sababu kule watamzika kama mtoto wa nyumbani, lakini hapa nitaoza, mwanangu, hapa sikumzika mtu. Ndivyo alivyosema, na aliyesikia hakulala.

Mwezi Agosti alipiga moyo konde, akashika fimbo, akavuka kwenda kwa mzee Yeremia kumpa pole ya mkewe, miaka karibu minne imepita. Mzee alimpa kiti na hakumpa zaidi. Odeta, mwalimu wa watu, badala ya pole akajikuta anaeleza habari za buibui, tangu hotpoti ya Ngosha mpaka majembe ya siku ile, mzee akisikiliza bila kumkatiza, na mwisho akamwomba amwonyeshe mahali penyewe. Wakasimama nyuma ya jiko, ardhi imekaa ngumu kama sakafu. Yeremia akasema, kumbe mwalimu ulikuwa na misiba miwili na sisi tukaja mmoja, halafu akaongeza, bila kupandisha sauti, lakini mimi nilikuwa na mmoja tu na wewe hukuja. Odeta akalia, akasema pole ambayo alikuwa ameifuata, mzee akasema asante, akarudi kwake. Hakusema amesamehe, na habari ya kuzikana hakuna aliyeigusa.

Jioni ya tarehe 22 Novemba 2025, mvua imetoka kunyesha, Sabina aliona buibui mdogo mweusi anakatiza sebule, akainua kandambili, mama yake, ambaye kitanda chake kilikuwa pale pale sebuleni, akampigia kelele ambazo hakuwa amezipiga miezi mingi, acha, huyo ni dume, mfungulie mlango, mfuate. Binti akamfuata kwa taa ya simu, akiona aibu akiwa peke yake, wakashuka mteremko, buibui akapenya chini ya minyaa, akaingia kwa mzee Yeremia, akapotelea kwenye majani karibu na jiko la nje. Uwanja ule ulikuwa haujalimwa tangu Kashindye afariki, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiulima, na mume hakuwa na moyo wa kushika jembe lile.

Kesho yake mgonjwa hakusikia la mtu, akabebwa kwenye kiti cha plastiki, Sabina mguu huu, mzee Yeremia mwenyewe mguu ule, akawekwa mbele ya jiko la Kashindye, akatazama majani tangu asubuhi hadi jua la kichwani. Yalikuwepo mashimo mawili, milango yake imefunikwa kwa utando na vumbi. Alitulia, jamani, sisi tuliokuwepo tuliona, miguu ile ilitulia, na alipomaliza hakuficha kama zamani, alimwonyesha mzee kwa kidole, akamwambia hapa na hapa, baba, nakuomba. Mzee akamjibu kwamba buibui yeye hajawahi kuwapenda na angewajua mapema angeleta mafuta ya taa. Akabaki amekaa naye.

Hali ilibadilika baada ya Krismasi, na Mwalimu Odeta alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 9 Januari 2026, saa kumi na moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, mkono wake ukiwa kwa Sabina. Jioni ya siku iliyotangulia alikuwa ameuliza tena atabebwa na nani, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaongea na vibarua wa kuchimba kaburi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa waliomhudumia bila kumdanganya, walimu wenzake na wanafunzi wake waliokuja kutoka Shinyanga, Geita na Misungwi, wanakwaya, na Sabina, ambaye tunamshukuru na kumpa pole katika pumzi moja. Majirani wa Buswelu, kwenu ninyi nasoma polepole. Kwa taratibu za chama, aliyejitoa hazikwi na chama, na mwenyekiti aliwakumbusha wanachama jambo hilo Ijumaa mchana, akafunga kikao, halafu akawauliza sasa nani anakwenda kumzika mwalimu. Vibarua wangu walipofika makaburini walikuta kaburi limeshaanza kuchimbwa, wakapewa nauli wakarudi.

Na mwenyekiti huyo tangu asubuhi mnaulizana yuko wapi, mbona hayupo chini ya turubai na viongozi wenzake, mbona amekaa peke yake kule ng'ambo ya minyaa, wengine nimewasikia mkisema mzee bado ana kinyongo, hata kukaa na maiti hataki. Vijana walipokuja alfajiri na majembe kupanua uwanja upande wake, kwa kuwa ndio tambarare, aliwafukuza, akaweka benchi mbele ya jiko la mkewe, na hajainuka hapo, anamrudisha kila anayetaka kukatiza. Ndiyo maana mmebanana, tunaomba mvumilie, na chakula chake apelekewe pale alipo.

Mzee Yeremia, asante. Dada Odeta, majirani zako ndio watakaokubeba, wako hapa mlangoni, basi usihangaike tena, kaa, pumzika kwa amani.